Kwenda na Kurudi

Nimeandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
upande mweupe, kwa penseli, nipate kufuta.
Likizo ya Juni imebakiza siku nne.
Nimeanza na kurudi:
saa kumi na moja jioni, mlangoni, Chumbageni,
maana saa kumi na mbili Mhina anaingia lindo
kwenye ghala la mbolea karibu na stesheni,
na hajachelewa hata siku aliyozaliwa Hemedi.

Haya nimejifunza kwa wifi yangu Tunu, aliye Bremen.
Desemba alinionyesha kwenye simu daftari lake:
treni ya saa mbili na dakika saba,
mji mdogo wenye soko la mishumaa,
chai kwenye chupa, soksi jozi mbili, kurudi.
"Saa kumi jua limezama, wifi,
ndiyo maana tunaionja nchi
kama mtu aonjavyo chumvi ya mchuzi."
Nikacheka. Kwetu jua halina haraka,
ni usiku tu wenye mwajiri.

Jumatatu, Amboni.
Mhina ametoka zamu, koti linanuka mbolea,
anasema yu macho.
Ndani ya pango kijana wa tochi akatuonyesha popo,
akatuonyesha jiwe ambalo, ukitaka, ni tembo.
Mhina akauliza swali moja tu:
"Mlango huu, usiku anaufunga nani?"
Kisha akaketi, akalala kwa adabu,
kofia magotini, mpaka tulipomaliza giza lote.

Jumanne ilinyesha. Nikafuta Pangani,
na pantoni, na samaki wa kukaanga niliyekwisha mla kichwani.

Jumatano nilitaka Amani.
Mwantumu ndiye aliyeitaka, hasa:
ameona picha ya shangazi yake akipumua moshi,
akasikia kwamba huko juu, kipupwe, asubuhi,
hata sisi tunaweza.
Nikapiga hesabu. Muheza, sawa.
Kutoka Muheza kupanda, matope, kungoja gari lijae,
kushuka, kungoja tena.
Nikajumlisha kutoka juu, nikajumlisha kutoka chini.
Amani haiingii ndani ya siku moja.
Tukaishia Muheza, tukanunua machungwa,
Mhina akalala juu ya gunia,
Mwantumu hakumenya hata moja.

Usiku ule, pembeni mwa kalenda, nilikuta mwandiko wake,
mwandiko wa mtu anayejaza kitabu cha wageni:

*Mke wangu nakujibu, sikatai kutembea,*
*Macho ndiyo ya ghadhabu, mchana yanalegea,*
*Nikilala si aibu, kwenu ninaegemea,*
*Lindo lipo la wajibu, asubuhi narejea.*

Nilihesabu mizani kwa vidole. Imetimia.
Nikakasirika kidogo, kwa kuwa imetimia.

Alhamisi, basi, sikuandika kitu.
Tulimwacha alale mpaka alasiri,
na saa kumi na moja na nusu tukatoka naye,
wanne kwa miguu, kama watu wanaowahi treni.
Getini akatuonyesha kila kitu:
kiti chenye mguu wa waya, kengele, daftari,
paka asiyeajiriwa.
Hemedi akataka kujua tembo yuko wapi.
Upepo ulikuwa wa baridi, ule wetu, wa kanga ya pili.
Mhina akafungua chupa, akamimina kahawa,
na Mwantumu akainamisha uso juu ya kikombe, akapuliza.
"Baba, natoa moshi!"
Akapuliza tena, na tena, hadi kahawa ikapoa
na Mhina akainywa hivyo hivyo.

Kisha akatufungia geti.
Wiki nzima tulikuwa tukirudi ili yeye aende.
Leo yeye amebaki, akitumulika njia kwa tochi
mpaka tulipokata kona ya reli.

Kalenda iko ukutani. Nimefuta vyote
isipokuwa Amani.
Kando yake nimeandika: *ombi la ruhusa, siku mbili*,
na penseli ikakatika kwenye *mbili*.