Jina la Tatu

Hakuna chama hapa Ibra, hakuna rangi wala wimbo.
Kila mtu na jina lake, la babake, la kabila,
na picha: kilemba barabara, tabasamu la kuazima.

Mmoja kaahidi taa. Mmoja mtaro,
ili wadi ikishuka isipite tena
sebuleni kwetu, juu ya mazulia.
Wa tatu hajaahidi kitu,
ila siku ya mafuriko alikuja na koleo,
matope hadi magotini,
hakuuliza sisi ni wa nani.

Bi Rayya, mzaliwa wa Wete,
anapiga kura kwa simu ya mjukuu.
Simu inataka uso. "Vua miwani, bibi. Pepesa."
Kavua. Kapepesa. Simu imemwona;
yeye sasa hawaoni wagombea.
"Nisomee."
Ghasani anasoma, sauti ikinenepa
afikapo kwa Hamduni, mtoto wa kaka.
"Damu naijua. Wa koleo yuko wapi?"
"Wa tatu kutoka juu."
"Nishike mkono. Kidole niachie."

Alasiri Hamduni kaja na halua,
kanywa kahawa, katikisa kikombe.
"Tuko pamoja, shangazi?"
"Tuko pamoja, mwanangu. Kula halua yako."

Usiku, taa ya kichochoro bado imekufa.
Bi Rayya anatoa taka
kwa tochi ya simu ileile, miwani puani.
"Haya," analiambia giza,
"tutaona."