Kidole Gumba cha Nandakali

Mashine imekataa mara nne.
Nimefuta kioo chake kwa pindo la shali,
nimekipulizia kidole pumzi ya moto,
nimesema, "Bonyeza tena, mama, taratibu,"
na taa nyekundu ikawaka vilevile,
kama mlinzi wa lango aliyekatazwa kumjua mtu.

Kidole gumba cha Nandakali Pun hakina mistari.
Imeliwa na ulezi, imeliwa na jiwe la kusagia,
imeliwa na kamba za kufungia nyati
majira ya baridi, milimani.

Serikali ya mbali, ile iliyompeleka mumewe Borneo
katika vita ambavyo hakuvianzisha,
kila mwaka ina swali moja tu:
je, mjane yu hai?

Yu hai. Amekaa mbele yangu, ananukia moshi na samli.
Ameteremka siku mbili mpaka huku Beni,
kikapu mgongoni, ukanda wake ukimkata kipaji,
ndani yake bisi, mwavuli uliovunjika mbavu,
na karatasi za Koplo Tejbir ndani ya mfuko wa mbolea.

Fomu inauliza tarehe ya ndoa.
"Andika mwaka mto ulipochukua daraja."
Hakuna nafasi ya mto, mama.
"Basi andika kwamba shayiri ilikuwa bado mbichi."

Namsomea haki zake kutoka kijitabu:
nusu ya pensheni ya marehemu;
malimbikizo ya miaka kumi na moja;
dawa za presha, bila malipo;
bati, iwapo upepo umeezua nyumba—
"Miaka mingapi?"
Kumi na moja, mama.
Alidhani mshahara wa askari huzikwa na askari.
"Na nani angepanda kule kuja kuniambia?"
Nikainamia droo kutafuta wino
uliokuwa mezani.

Alipostaafu, asema, walimpa kiinua mgongo.
Akanunua nyati mmoja, na saa ya ukutani.
Mgongo wenyewe haukuinuka.

Nikageuza ukurasa haraka:
kuna kifaa cha masikio, kwa wasiosikia vizuri.
Akacheka, jino moja la dhahabu.
"Masikio yangu mazima, binti. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu.
Radi ikipiga aliingia chini ya kitanda,
akaita watu kwa lugha nisiyoijua,
na mimi nikilala sakafuni kando yake
nikiitikia kwa majina yao.
Humo ndani kuna kifungu cha usiku?"

Kijitabu kina kurasa arobaini na mbili.
Nilizifunua zote, naye akinitazama.

Ndipo, bila kuulizwa, akafumba macho,
yeye asiyejua kusoma hata jina la duka,
akataja namba ya mumewe jeshini,
tarakimu nane, kwa pumzi moja, kwa sauti ya gwaride.

Chumba cha pili kijiko kikaanguka.
Sajini Dilman, msimamizi wetu, mstaafu mwenye goti la chuma,
akatokea mlangoni amesimama wima,
chai ikimwagikia kiatu.
Hakusema neno. Akaivuta fomu,
akaandika penye shahidi: *Namjua.*

Hakumjua. Hawajawahi kuonana.
Nilijua, na muhuri niliugonga.

Fedha aliomba nizihesabu mara mbili.
"Sikushuku," alisema, "nataka tu kusikia."
Nikahesabu kwa sauti, noti kwa noti,
foleni nyuma yake ikikohoa.

Akafunga mfuko wa mbolea, akavuta ukanda kipajini,
kisha akageuka: "Na mwakani?
Kidole hakiti mistari mipya."

Kwenye ukingo wa faili lake
nimeandika kwa penseli, kinyume cha kanuni:
*aulizwe namba.*