Jembe Kwanza

Watoto wametulipia siku mbili.
Chumba mia nne kumi na mbili, Porto,
katika hoteli ile ya mawe ya kijivu
niliyoipita na tramu miaka ishirini na sita
bila kujua ndani kunanukia nini.

Kunanukia limau. Deolinda anakataa:
"Si limau, Abílio. Ni sabuni ya sakafu."
Naye ndiye ajuaye.

Kijana wa mapokezi, kidevu laini kama yai,
anauliza kama ni mara yetu ya kwanza.
Nasema ndiyo. Mke wangu anatazama zulia.
Miaka thelathini na mmoja alishuka ngazi za nyuma,
akapita mapipa, akapita boila,
hadi chumba cha pasi kisicho na dirisha,
na shuka zikamtoka mikononi zingali moto
kwenda juu kulaliwa na watu asiowaona.
"Ndiyo," anajibu mwishowe.
"Kwa mlango huu, ndiyo."

Chumbani kuna orodha ya mito, aina saba:
wa manyoya ya bata, wa maganda ya ngano,
wa mtu anayekoroma (naambiwa huo ni wangu).
Kuna joho jeupe la kuogea;
nikilivaa nafanana na askofu aliyepotelewa na kanisa.
Kuna maji ya chupa. Bei yake nimeisoma mara mbili,
nikaenda kunywa ya bomba.

Yeye hana habari na hayo.
Amepiga magoti kando ya kitanda,
amechomoa pembe ya shuka,
anatafuta kwenye pindo uzi mwekundu,
ile saba yenye mkato
aliyoishona ili kosa likitokea
ajulikane aliyekosa.
Pindo ni tupu. Kuna kibandiko cha kampuni
ya mji mwingine, yenye mashine.
Anapitisha kidole gumba kwenye mkunjo.
"Hawakutia wanga."
Kisha anaichomeka pembe upya, kwa namna yake,
na kitanda kinakaa sawa
kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake lote.

Mgeni siku mbili, walisema, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe alipewa kwanza.
Ugeni umemjia uzeeni, magoti yakiuma,
na hajui mikono aiweke wapi.

Usiku sikulala. Kitanda kipana mno.
Nyumbani ukigeuka unamgeuza mwenzako;
hapa nilimtafuta kwa kiganja
kama mtu atafutaye swichi gizani.
Nilimkuta mbali, macho wazi,
akisikiliza mabomba.

Kwenye kifungua kinywa alifunga mikate miwili
ndani ya kitambaa cha meza, akaitia mkobani.
Mhudumu alimwona. Ivanilda, kifuani imeandikwa.
Hakusema neno. Alikwenda, akarudi
na mfuko wa karatasi na mikate mingine mitatu,
akakichukua kitambaa taratibu,
maana vitambaa, alinong'ona, vinahesabiwa.
"Najua," akasema Deolinda. "Nilivihesabu mimi."
Wakacheka, wale wawili, kicheko cha chini ya ngazi
ambacho mimi sikualikwa.

Saa nne na dakika kumi tulikuwa dirishani.
Sikumwambia kwa nini nimetaka tusimame pale.
Zamani, nikifika kwenye kona hii,
nilipiga kengele mara mbili, kinyume cha sheria,
kwa ajili ya mtu aliyekuwa chini ya lami,
katikati ya mvuke na kelele za mapipa ya kufulia.
Sikuwahi kumuuliza kama inafika.
Mwanamume hupata haya kwa mambo kama hayo.

Tramu ikaja, imejaa watalii,
dereva binti mdogo mwenye miwani.
Ikapinda kona. Haikupiga kengele.

Deolinda akafuta kioo kwa mkono wa joho,
pale pumzi yake ilipoacha ukungu.
"Jumatano," akasema, "ulikuwa unachelewa."

Nikameza mate.
"Jumatano kulikuwa na soko," nikajitetea.
"Watu na vikapu vyao."