Salfa

Daftari la kwanza nililinunua Newala,
jedwali la kuzidisha limechapwa nyuma.
Sasa ninayo arobaini na moja rafuni, Chikongola,
na ukiyasoma yote utakuta neno moja
limerudiwa kuliko yote: imegoma.

Majirani huuliza, Dokta Somoe, wewe hasa unatibu nini?
Nami hujibu: ninaoza.
Wanacheka, wanadhani nimesema kama embe.

Haidrojeni imeyapa mafuta kisogo.
Viweke chungu kimoja mwaka mzima, havisemezani.
Ndipo unaleta nikeli, punje nyeusi zisizojaa kijiko,
zinashika mkono huu, zinashika mkono ule,
na harusi ikishapita unazikuta palepale,
hazikupungua,
hazikudai hata kilemba.

Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema.
Kitabu hakijawahi kukaa Mahuta mwezi wa sita.

Kemia sikuianzia shuleni.
Bibi mzaa mama alikeneka nipa nyuma ya jiko,
bomba la shaba limekatiza beseni,
na kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji yakipata moto,
nayo maji kwetu, juu kule, si kitu cha kumwaga.
Nilimwagia mihogo. Bibi alihesabu ndoo.

Baadaye miaka sita ya baridi,
nikipika kobalti, nikipika rodi ghali kuliko nyumba yetu.
Profesa akasema, baki.
Nikasema, maganda.
Akasema, nini?
Nikamweleza: kwetu kuna vilima vya maganda ya korosho,
mafuta yake huunguza vidole vya wanawake wanaobangua,
na hakuna aliyewahi kuyauliza
yanataka kuwa nini.

Tanuri nilichomelewa na Nambunga, fundi wa mageti.
Siku ya kwanza nikeli ilichapa kazi.
Ya pili, ilichapa.
Ya tatu ikalegea,
ya nne ikanuna.
Nikalaumu umeme. Nikalaumu mtungi wa gesi.
Nikamlaumu Nambunga, akaja na nyundo yake
kunionyesha kila kiungo, akigonga: hapa panavuja? Hapa?
Mwaka ukapita hivyo. Wa pili. Wa tatu
wafadhili wakaacha kujibu barua.

Jibu lilitoka Dar, nusu karatasi, mstari mmoja.
Salfa.
Chembe tu, imeng'ang'ania ganda.
Haiui kwa kelele. Inakalia kiti cha mshenga
na haiinuki.

Nilikaa sakafuni na ile karatasi.
Alfajiri, umande haujakauka, baba na mashine mgongoni
inanguruma kati ya mikorosho,
anapuliza kuzuia ubwiri unga,
kitambaa cha kanga puani, basi.
Anarudi nyusi za njano, anakunywa uji hivyohivyo,
anakohoa, anatema, anahesabu mifuko iliyobaki.
Mnada ukienda vizuri, ada.
Mnada ukienda vibaya, mbuzi, halafu ada.
Kila muhula niliosoma ulinuka kiberiti.

Nilimpigia simu.
Baba, salfa yako imeniharibia kazi.
Kimya. Kikohozi.
Si ndiyo iliyokupa?
Ndiyo, baba.
Kwani haioshwi?
Inaoshwa. Inataka maji mengi, na muda.
Basi osha.

Ninaosha. Daftari la arobaini na mbili limefunguliwa:
uzito wa maganda, ndoo za maji,
safu ya mwisho bado tupu.
Nikeli imefika siku ya tisa. Sijamwambia mtu.

Sheria ya kazi yetu ni nyepesi:
mshenga hupimwa kabla, hupimwa baada,
na mizani isibadilike.
Jumamosi nilimpeleka baba Ligula.
Akavua kandambili, akapanda, akashika ukuta,
muuguzi akamwambia aachie.
Kilo arobaini na nane.
Uzito wa awali
haumo katika daftari langu lolote.