Moja Hadi Tano

Alikuja Kigombe na kalamu sikioni,
akakanyaga makapi ya mkonge kwa viatu vya ofisini.
"Hii mashine ya korona, hatari yake ngapi?
Moja hadi tano."

Semhando akacheka: "Moja. Tumezoeana."
Nasra, kibarua wa juzi, akasema tano,
na macho yake hayakuwa kwenye mashine,
yalikuwa kwenye mkono wa Semhando
uliokamata kikombe cha chai kwa vidole vitatu.
Mimi, singa mbichi begani, nikasema tatu,
nisiitwe mwoga, nisiitwe mjinga.

Akajumlisha, akagawa,
korona inanguruma hatusikilizani.
Wastani: tatu.

Semhando akaviinua vyake:
"Basi hesabu imetimia."

Vile viwili vilivyotangulia
havikuhojiwa.