Mgomba Wenye Baba

Bwana shamba Gwasa kauleta kwa pikipiki
ndani ya kikombe cha plastiki, kama uji wa mgonjwa:
majani matatu, udongo wa kiganja kimoja.
Mama kauzunguka mara mbili.
"Huu umeng'olewa kwa nani?"

Maana hapa Munanila mgomba una ukoo.
Ule wa nyuma ya jiko ulitoka Heru na bibi,
kichwani, siku aliyoolewa.
Ule wa kando ya choo ni fidia ya jembe lililovunjika.
Hakuna aliyewahi kupanda mbegu.
Mtoto hutoka ubavuni mwa mama, naye ni mama yuleyule,
mgomba mmoja, miaka na miaka, umekataa kufa.

Mpaka mnyauko.

Majani yakawa njano na mvua inanyesha.
Ndizi zikaiva kabla ya kukomaa,
ukizipasua, ndani kahawia kama meno ya mvuta kiko.
Mama akakata, akafukia, akahesabu hadi arobaini,
kisha akaacha kuhesabu.

Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe.
Kuhusu panga walinyamaza.
Na panga ndilo lililotumaliza: la mama mwenyewe,
alilompa wifi yake Prisila akakatie majani,
likarudi limeoshwa, limefutwa,
pamoja na chumvi ya shukrani.
Tangu hapo wanasalimiana habari za mvua tu.

Gwasa anachuchumaa. Anaeleza:
huko kwenye utafiti walipasua ndizi elfu
wakitafuta mbegu moja.
Poleni ilitoka kwa mgomba wa porini,
ule wenye mbegu ngumu kama changarawe,
usiolika, usiougua.
Nyama yake huu ni ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji,
inafaa macho ya watoto.

Mama anamtazama mjukuu wake Nzeyimana,
ambaye jua likizama tu hukanyaga kuku.
Halafu anacheka, cheko la kwanza tangu masika:
"Kwa hiyo mgomba sasa una baba!"

"Na ukipikwa na maharage?"
Gwasa anakuna shingo. "Bado tunajaribu, mama."
"Basi hujui."

Lakini shimo amelichimba, si nyuma ya jiko,
mpakani, karibu na uzio wa Prisila.
Jioni nimemkuta mekoni,
panga limelala kwenye makaa,
analigeuza upande, upande,
kama anachoma samaki.