Ufunguo wa Kabati Jekundu

Juni, Mbalizi. Ukungu umekalia paa
kama mgeni asiyeaga.
Walikuja na fulana zenye maandishi mgongoni,
wakamwaga wino mwekundu, wakasema: hili ni zoezi.
Wanafunzi wa uuguzi wakalala kwenye umande,
mmoja akilia kwa ufundi,
mwingine akichati chini ya kanga.
Tukawafunga kadi mikononi:
nyekundu, huyu asisubiri;
njano, huyu ataweza kusubiri kidogo;
kijani, ajikongoje mwenyewe hadi kwenye mparachichi.
Nyeusi alipewa Ambokile, mkata majani,
naye akainuka kudai posho:
"Nimekufa tangu saa tatu, hata soda hamna?"

Tulicheka. Nilicheka na mimi,
Tusekile, mtunza stoo,
niliyesaini kabati jekundu: glavu, dripu,
bandeji za kubana damu, machela sita za kukunja.
Kamati ikaandika mapendekezo kumi na manne.
La tisa: ufunguo usikae kwa mtu mmoja.
Ripoti ikapigwa mhuri, ikaingia kwenye faili,
faili likaingia kabatini,
kabati nikalifunga
kwa ufunguo ule ule.

Agosti, saa mbili na robo usiku,
lori la viazi lilishuka Iwambi bila breki.
Honi yake ilikuwa ndefu. Wanasema
hata waliokuwa wanasonga ugali waliacha mwiko.
Kisha kimya. Kisha mbwa.
Basi la Tunduma lilikuwa limesimama chini kushusha abiria.

Nasema "wanasema" kwa sababu sikuwapo.
Nilikuwa Tukuyu, msibani kwa shangazi,
ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga.
Simu iliuliza: "Uko wapi?"
Sikujua wananiuliza mimi au ufunguo.

Hawakuningoja.
Ambokile alileta shoka la jikoni;
maiti wa Juni akavunja kitasa kwa mapigo matatu.
Kadi ziliisha kabla ya saa nne.
Wakachana maboksi ya dripu,
na nyekundu ikatoka kwenye rangi ya mdomo ya Sista Anyisile.
Bajaji zilileta watu wawili wawili, watatu watatu.
Kwenye friji palikuwa na chupa tano za damu;
kwaya ya Wamoraviani ikaja na majoho yake,
sauti ya nne yote ikakunja mikono,
mafundi gereji nyuma yao, mikono ina grisi bado.

Kijana mmoja alipewa nyeusi.
Alikuwa anapumua, kwa mbali.
Sista alifunga kadi, akasimama, akaenda kwa mwingine,
maana ndivyo tulivyofundishwa, na ni sahihi,
na hajalizungumzia mpaka leo.
Ambokile akavua koti, akamfunika, akakaa naye chini.
"Hapa pana baridi," alimwambia. "Najua. Nimewahi kulala."

Nilifika alfajiri. Viazi vilikuwa vimesambaa barabarani,
watoto wanaviokota, hakuna aliyewakemea.

Kabati sasa halina kitasa.
Nimelifunga kwa kamba ya katani,
fundo ambalo mtoto anaweza kulifungua.
Machela zimerudi nne.
Fomu ya bohari inauliza: sababu ya upungufu?
Imeacha mstari mmoja tu, mfupi.
Kalamu ninayo. Ni wiki ya tatu.